Misingi ya Umaksi katika Kiswahili, na Ushahidi wa Njombe na Makambako

Mwanafunzi anayefungua kitabu cha uhakiki wa fasihi ya Kiswahili hakawii kukutana na maneno mawili yaliyosimamishwa kama mahasimu: udhanifu na uyakinifu. La kwanza latokana na kudhani, la pili latokana na yakini. Kwa maana ya falsafa, udhanifu ni rai isemayo kwamba fikra au roho ndiyo iliyotangulia na ulimwengu wa vitu ukafuata. Uyakinifu ni rai isemayo kinyume chake, kwamba vitu vilitangulia na fikra za binadamu zikazuka humo. Katika lugha za Ulaya majina ya rai hizi hayampendelei yeyote: moja lataja wazo, na jingine lataja maada. Katika Kiswahili kesi imekwisha katwa kabla ya mashahidi kuitwa. Nani atakayejitia upande wa kudhani, hali wenzake wamepewa yakini?

Jambo hili si dogo. Karl Marx na Friedrich Engels, katika maandishi yao ya mwaka 1845 na 1846 juu ya fikra za Wajerumani, ambayo hayakuchapwa yote mpaka mwaka 1932, hawakumpa msomaji yakini. Walimpa njia ya kuuliza. Atazame kwanza jinsi watu wapatavyo chakula, mavazi na makazi. Kwa zana gani, na zana hizo ni mali ya nani. Kisha ndipo ageukie sheria zao, ibada zao na mashairi yao. Huo ndio uyakinifu wa kihistoria. Dialektiki yaongeza kwamba kila mpango wa maisha umebeba ndani yake ukinzani wake wenyewe, na kwamba mabadiliko makubwa huzuka katika ukinzani huo, si kwa kusukumwa kutoka nje peke yake. Mtu aliyefunzwa haya kwa jina la yakini huona kazi imekwisha: majibu yapo, yabaki kukaririwa. Na ndivyo ilivyokuwa katika sehemu kubwa ya mafunzo yetu.

Historia ya kuingia kwa nadharia hii yaeleza kidogo kwa nini. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafunzi wa chama cha kimapinduzi kilichoundwa mwaka 1967 walikutana siku za Jumapili kusoma misingi ya Umaksi, na mwaka 1969 wakaanzisha jarida. Jarida liliitwa Cheche, kwa kufuata jina la gazeti la Lenin; lakini cheche hiyo iliwaka kwa Kiingereza. Humo ndimo Issa Shivji alimotoa uchambuzi wake mashuhuri wa mapambano ya kitabaka yaliyo kimya nchini Tanzania. Serikali ililifunga mwaka 1970. Jarida lililofuata lilitwaa jina la MajiMaji, kwa heshima ya vita vya 1905, na hilo nalo likaendelea kwa Kiingereza. Mkulima wa Ubena, ambaye babu yake huenda alikunywa maji hayo, hakuweza kusoma lililoandikwa kwa jina lake. Nadharia ilipoingia katika Kiswahili ilipita milango mingine: mafunzo ya siasa ya chama, hasa Kivukoni baada ya kufanywa chuo cha TANU mwaka 1971, na uhakiki wa fasihi. Chama kilihitaji mwongozo, na shule ilihitaji mitihani. Mwongozo na mtihani hupenda orodha.

Hivyo dialektiki ikawa migogoro. Mtoto wa kidato cha nne huagizwa ataje migogoro iliyomo katika riwaya, naye huitaja kama mtu ahesabuye mifugo: mgogoro wa baba na mwana, mgogoro wa nafsi, mgogoro wa matajiri na maskini. Jinsi mgogoro mmoja ulivyouzaa mwingine, na kwa nini usingeweza kuzuka katika nchi nyingine au mwaka mwingine, haulizwi. Uyakinifu wa kihistoria nao ukawa ngazi yenye vidato vitano: ujima, utumwa, ukabaila, ubepari, na mwisho ujamaa. Ngazi hiyo aghalabu husomwa kana kwamba aliijenga Marx mwenyewe. Aliyeipanga hivyo waziwazi ni Stalin, katika sura aliyoiandika kwa ajili ya kitabu cha historia ya chama chake mwaka 1938. Marx, alipoulizwa na Vera Zasulich wa Urusi mwaka 1881 kama kila nchi lazima ipite njia moja, aliandika rasimu baada ya rasimu, kisha akajibu kwa ufupi kwamba ulazima aliouonyesha katika kitabu chake ulihusu nchi za Ulaya ya Magharibi. Mwalimu wa historia ambaye hajui barua ile amepewa ramani ya nchi isiyokuwa yake.

Njia moja ya kuipima ngazi ni kuisimamisha mahali panapojulikana. Njombe yafaa sana kwa kazi hiyo, kwa kuwa mambo yake hayakubali kupangwa kwa vidato.

Nchi hiyo ni ya milima na baridi. Wabena, pamoja na Wapangwa na Wakinga majirani zao ambao sasa wamo katika mkoa mmoja ulioundwa mwaka 2012, walilima ulezi juu ya vilima na bustani za mabondeni ziitwazo vinyungu. Walikuwa na watawala wao, na kazi za kusaidiana shambani. Mwalimu wa ngazi angeandika hapa ujima, na pembeni ukabaila kidogo, kisha angeendelea. Wajerumani wakaleta kodi, na Waingereza wakaiendeleza. Fedha ya kodi haikupatikana katika ulezi. Katika nchi ya baridi iliyo mbali na bandari, ambayo wakati huo haikuwa na reli, biashara kubwa iliyowezekana ilikuwa moja tu, nayo ni kuuza nguvu za mwili. Wanaume wakashuka kwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na shirika lao la kuajiri watu, lililojulikana kwa jina la SILABU. Njombe ikawa mojawapo ya wilaya zilizotoa watu wengi kabisa.

Watu hao waliitwa manamba. Neno hili lastahili kutuliwa macho zaidi kuliko kurasa nyingi za nadharia. Mtu aliyeandikishwa alipewa namba, na kwa namba hiyo akajulikana. Kisha lugha ikalitwaa jina la namba na kumvika yeye mwenyewe, tena katika ngeli ya ma-, penye mawe na magunia. Wanazuoni hutumia sura nzima kueleza jinsi kazi ya binadamu igeukavyo kuwa bidhaa, na uhusiano wa watu ukaonekana kana kwamba ni uhusiano wa vitu. Waswahili wa makambi ya mkonge waliyasema hayo kwa silabi tatu. Kadhalika kipande, ile kadi ya siku 30 za kazi. Na kibarua, ambaye jina lake ni barua ndogo tu: cheti alichoshika mtu mkononi kimekuwa ndiye mtu. Ajabu ni kwamba waliotunga istilahi za Umaksi wa Kiswahili hawakuyaendea maneno haya hata kidogo. Walichagua mfanyakazi, neno jema lenye heshima yake, lakini ambalo halisemi lolote juu ya anayefanyiwa kazi.

Sasa swali la ngazi. Je, manamba wa Njombe alikuwa katika kidato gani? Alipokuwa Tanga akikata mkonge kwa mshahara alikuwa ndani ya ubepari bila shaka, na mkonge wake uliuzwa katika masoko ya dunia. Lakini mshahara ule ulipimwa kwa mtu mmoja. Haukupimwa kwa mke na watoto, wala kwa uzee wake, wala kwa siku atakapougua. Hayo yote yaliachiwa Njombe, ambako mkewe alilima na kuvuna, akazaa na kulea kijana ambaye miaka kumi na minane baadaye angeshuka kwa njia ileile. Shamba la mke ndilo lililokuwa likiongeza mshahara wa mume, na mwenye mkonge hakulipa hata senti kwa nyongeza hiyo. Kwa hiyo si kweli kwamba mpango wa kale ulikufa na mpya ukazaliwa. Wa kale uliachwa hai makusudi, kwa sababu uhai wake ulikuwa na faida kwa ule mpya. Vidato viwili vilikuwa ubao mmoja. Mwenye kukariri ngazi hawezi kuliona hili. Mwenye kujifunza ukinzani hawezi kulikosa.

Mwaka 1949 shirika la maendeleo la Waingereza lilianza kupanda miwati Njombe, na kiwanda cha kutoa dawa ya kutengenezea ngozi kutokana na magamba ya miti hiyo kikajengwa Kibena. Ubepari sasa ukapanda mlima. Hata hivyo safari za kwenda Tanga hazikukoma mara moja, na vinyungu havikuachwa.

Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kilichotokana na uchunguzi wa miaka mingi Njombe, ameshikilia kwamba watu waliotengwa na serikali ya kikoloni na faida zake waliifanya jamaa kuwa kimbilio: humo walipata msaada, heshima na njia za kujiendeleza walizonyimwa nje. Ushahidi wake ni mwingi, na ameutoa vinywani mwa wenyeji. Upungufu wake ni kwamba neno kimbilio latazama upande mmoja wa nyumba. Jamaa ileile iliyomstiri mtu dhidi ya kodi na nyapara ndiyo iliyobeba gharama za mkonge. Ilikuwa kimbilio na ilikuwa ruzuku, tena kwa wakati mmoja na kwa mikono ileile ya wanawake. Kuyaweka mambo mawili hayo pamoja bila kulifuta mojawapo ndiyo maana hasa ya dialektiki. Si kuyaandika katika safu mbili na kumwachia mtahini achague.

Hapa ndipo neno ujamaa linapokuwa na uzito usiotazamiwa. Julius Nyerere, katika kijitabu chake cha mwaka 1962, aliukataa ujamaa wa kuzaliwa katika vita vya matabaka, akatilia shaka kama lugha yoyote ya asili ya Kiafrika ina neno la kutaja tabaka kwa maana hiyo. Hoja hiyo ni ya lugha, na kwa hiyo yafaa ijibiwe kwa lugha. Kweli, tabaka katika Kiswahili, kama katika Kiarabu lilikotoka, ni kitu kilichotandazwa juu ya kingine: tabaka la udongo, tabaka la mkeka. Laonyesha aliye juu na aliye chini. Halionyeshi kwamba wa juu yuko juu kwa sababu ya wa chini. Kwa kiasi hicho Nyerere alisema kweli. Lakini kukosa jina si kukosa kitu, na jina la jumla si jina pekee. Lugha iliyokuwa na manamba, kibarua, kuli, nyapara, mtwana na mwinyi haikuwa bubu juu ya nani hufanya kazi na nani hula. Zaidi ya hayo, Nyerere mwenyewe, alipoandika juu ya ujamaa vijijini mwaka 1967, alikiri kwamba katika maisha ya kale wanawake walifanya kazi kupita fungu lao. Ungamo hilo ni kubwa kuliko lilivyopokewa. Ikiwa taifa ni jamaa moja, na ndani ya jamaa mmoja hufanya kazi kupita fungu lake, basi lililopaswa kuchunguzwa ni jamaa yenyewe. Wahakiki wa Kimaksi waliokuwa wakimlaumu Nyerere kwa kukosa sayansi hawakuingia mlango huo aliouacha wazi; walibaki wakibishana naye juu ya mabwanyenye.

Makambako yatoa mafunzo ya namna nyingine. Hapa uyakinifu wa kihistoria hujionyesha karibu bila kuitwa. Mji huu umekuzwa na njia. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapo, na inayokwenda Njombe mpaka Songea inaanzia hapo. Na reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo wa China na kukabidhiwa mwaka 1976, hupanda kutoka Mlimba hadi Makambako katika sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote za kilomita 1,860 za njia hiyo, kwa madaraja na mahandaki. Zana za usafiri zilipobadilika, mahali penyewe pakabadilika: mahindi, viazi na mbao zikapata pa kukusanyikia, na watu wa makabila mengi wakapata pa kuuziana.

Je, mfanyabiashara wa Makambako ni bepari? Kiswahili chamjibu msomaji upesi mno. Neno bepari limetoka India, nalo lilikuwa na maana ya mchuuzi, mtu wa biashara. Istilahi ya ubepari ikajengwa juu yake. Matokeo ni kwamba anayesoma kwa Kiswahili humtafuta bepari nyuma ya meza ya duka, mwenye mizani na gunia la sukari. Kwa Marx bepari hasa ni yule anunuaye nguvu za kazi za watu na kuzizalisha faida. Mtaji wa uchuuzi ni wa kale sana, na katika juzuu ya tatu ya Mtaji, iliyotolewa na Engels mwaka 1894, imeelezwa kwamba biashara peke yake haitoshi kuubadili mpango wa uzalishaji. Kwa kipimo hicho kampuni ya miwati iliyolipa mamia ya watu kwa siku ilistahili jina hilo kabla ya muuza chumvi. Lakini nani aliyeitwa bepari mitaani? Na nani aliyechorwa katika katuni za magazeti akiwa na tumbo na mirija?

Kosa la kamusi likabaki kamusini lisingedhuru. Mwaka 1976, katika operesheni iliyoitwa Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yaliamriwa kufungwa ili maduka ya ushirika yashike nafasi. Mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vya wakulima vilivunjwa. Bidhaa zikaadimika, na amri ikalegezwa. Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na safari hii pia wengi waliotikiswa walikuwa wenye maduka na maghala. Itakuwa upuuzi kusema kwamba neno moja lilileta hayo yote: palikuwa na ukame, bei ya mafuta, vita vya Kagera, na tamaa za watu. Walakini neno liliirahisisha njia. Serikali iliyodhani kwamba imemkamata bepari ilikuwa imemkamata mchuuzi, na mahusiano ya uzalishaji yaliendelea kama yalivyokuwa.

Limebaki jambo la fikra, ambalo wakosoaji wa Umaksi hulishika kwa furaha. Wao husema kwamba nadharia hii huyafanya mawazo kuwa kivuli cha tumbo. Mafunzo ya kukariri yamewapa haki ya kusema hivyo. Septemba 1905 watu wa mtawala Mbeyela waliishambulia misheni ya Walutheri wa Berlin huko Yakobi, karibu na Njombe, wakarudishwa nyuma kwa bunduki. Hawakuongozwa na tumbo peke yake, waliamini maji. Wala maji hayakuwa kivuli: imani hiyo iliwaunganisha watu ambao kabla ya hapo walikuwa wakipigana. Ebrahim Hussein alilifahamu hili vizuri katika tamthilia yake ya Kinjeketile ya mwaka 1969, ambamo wazo lililozaliwa na dhiki lamtoroka aliyelitoa na kwenda kutenda kazi ulimwenguni kwa nguvu zake. Marx naye, tangu mwaka 1844, alikwisha sema kwamba nadharia ikiwashika watu wengi huwa ni nguvu kama nguvu nyingine za dunia. Mwenye kumpanga Kinjeketile katika kisanduku cha udhanifu, kwa sababu alisema na mizimu, ametupa tamthilia nzima.

Hali ni hiyohiyo kwa Mirathi ya Hatari, riwaya ya C. G. Mung'ong'o iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1977. Kijana msomi, Gusto, anarithishwa uchawi na baba yake. Mhakiki wa orodha huandika "imani za kishirikina", anaongeza kwamba elimu itaziondoa, kisha anageuza ukurasa. Elimu haikuziondoa, ndiyo kwanza aliyerithi alikuwa msomi. Na jina la kitabu halitaji imani, lataja mirathi. Mirathi ni habari ya mali, ya nani hupokea nini kutoka kwa nani, na kwa deni gani. Swali la kiyakinifu lingekuwa hili: katika nchi ambayo ardhi, mifugo na watoto walikuwa chini ya mkono wa wazee, na vijana wakapata njia ya mshahara na ya shule kuukwepa mkono huo, mzee alibaki na nini cha kumfunga mwanawe? Riwaya inaweza kujibu swali hilo kama itaulizwa.

Wala haya si mambo ya zamani. Mapema mwaka 2019 watoto waliuawa mkoani Njombe, na viongozi wa serikali wakayahusisha mauaji hayo na ushirikina wa kutafuta mali. Magazetini lilirudi lilelile neno la ujinga. Lakini mtu anayeamini kwamba utajiri hupatikana kwa damu ya mtoto ana wazo fulani juu ya utajiri: kwamba hautoki katika jembe, kwamba waja ghafla, na kwamba kwa kila anayeneemeka kuna aliyelipa bila kujua. Wazo hilo ni la kutisha na matendo yake ni jinai. Lakini halikuanguka kutoka mawinguni. Limo katika nchi ambamo vizazi viwili au vitatu viliona watu wakienda na wengine wasirudi, na mali ikitokea mahali ambapo jasho halikuonekana. Somo la uyakinifu likikaa kimya mbele ya jambo hili, huku likiendelea kuhesabu vidato, basi limekuwa udhanifu wa namna yake.

Ikiwa istilahi zitatazamwa upya, kazi haitaanza na vitabu vya Moscow wala vya Peking. Uyakinifu wafaa uachiwe maana yake ya kawaida ya kuwa na hakika, na falsafa ya maada ipewe jina linalotaja maada. Bepari amekwisha zoeleka na hawezi kung'olewa, ila afafanuliwe kila atajwapo. Tabaka libaki, lakini lisimame karibu na maneno ya makambini. Katika mashamba ya parachichi na ya mbao yaliyoenea sasa Njombe, mtu anayelipwa kwa siku angali akiitwa kibarua, ijapokuwa cheti hakitolewi tena, na fedha yake huenda hutumwa kwa simu.